Shingo ya Glasi

Watu wa mtaa wetu wa Mbotela wakikuambia Bwire alikuwa fundi wa TV, wamekuambia nusu. Fundi wa TV siku hizi ni mtu wa kubadilisha kioo cha flat na kukuaga. Mume wangu alikuwa fundi wa TV za mgongo, zile nzito ambazo watu wawili walizibeba huku wakitukanana. Alizitengeneza kwa miaka thelathini na mmoja katika kibanda kilicho nyuma ya nyumba za kanjo, za baraza la jiji, karibu na Jogoo Road hapa Nairobi, na sitaki mtu aniambie zimepitwa na wakati. Najua zimepitwa. Vipuri vyake vimejaa chini ya kitanda changu mpaka leo, na kila nikifagia vinanigonga mkono.

Mimi ni Muhonja, mke wake. Nauza mboga za kienyeji kando ya barabara: mrenda, kunde, sagaa, terere ikipatikana. Nina mdomo. Hilo nalijua, na wakwe zangu wa Funyula walilijua hata kabla mazungumzo ya mahari hayajaisha. Kwa hivyo nikikuambia kuna siku nilinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakoniua, usidhani natia chumvi.

Tulijuana kwa sababu ya TV ya shangazi yangu. Picha yote ilikuwa imejikunja ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo. Nilidhani TV imekufa. Bwire alicheka, akafungua mgongo, akaniita nione. Nyuma kabisa kuna shingo ya glasi, nyembamba, na ndani yake kuna kitu mafundi wanakiita bunduki. Bunduki hiyo inatema mwale wa elektroni moja kwa moja hadi katikati ya kioo. TV ya rangi inatema mitatu, inayokwenda pamoja. Ukiuacha mwale hivyo, aliniambia, utapata nukta moja tu, na nukta yenyewe itachoma kioo. Picha inapatikana kwa kuuyumbisha. Akanigusisha koili za waya wa shaba zilizovaa shingo ile pale inapoanza kupanuka. Jozi moja inauvuta mwale kulia na kushoto, zaidi ya mara elfu kumi na tano kwa sekunde. Jozi ya pili inaushusha kutoka juu hadi chini, mara hamsini kwa sekunde hiyohiyo. Ya shangazi, jozi ya kushusha ilikuwa imelala, basi mwale ukawa unakimbia kulia na kushoto palepale.

"Na hakuna njia nyingine ya kuuyumbisha?" nikamuuliza, kwa sababu sikutaka kuondoka.

Heh! Ungemwona. Alitoa chombo chake cha kupimia, skopu, chenye kioo kidogo cha kijani. Humu hakuna koili, akasema. Kuna vibati ndani ya glasi, viwili vya juu na chini, viwili vya pembeni. Unavipa umeme, na mwale unakimbilia upande wa chanya. Vinaitikia haraka kuliko koili yoyote, lakini haviwezi kuupinda mwale sana. Ukitaka kioo kikubwa kwa njia ya vibati, itabidi TV iwe ndefu kama kitanda. Sumaku ya koili inaupinda kwa pembe kubwa, ndiyo maana TV inaingia kwenye nyumba ya kanjo na bado mtu anapata pa kukaa. Alisema yote hayo bila kuniangalia usoni hata mara moja. Mwaka uliofuata tulioana.

Sasa nikuambie ya juzi. Stroke ilimpiga mwezi wa tatu, akiwa amechuchumaa kibandani. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukawa wa kuburutwa, maneno yakawa mazito mdomoni. Kibanda tulikifunga. Binti yetu Winny alikuja kutoka Kisumu, akakaa wiki tatu, akarudi kwa mume na watoto wake. Nikabaki mimi. Nilimwogesha, nikamvalisha, nikamkatia nyama vipande vidogovidogo. Choo chetu kiko nje, cha watu wa laini nzima ya nyumba, na Bwire ni mtu mkubwa. Kumfikisha pale ni kazi ya wanaume wawili, na mimi nilikuwa mmoja. Usiku aliniita mara nne, mara tano, nimgeuze au nimpe mkebe wa kukojolea. Alfajiri ninatakiwa kuwa soko la Muthurwa nikichukua mboga. Nilichoka, jameni. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia nikiwa nimesimama, mteja ananiamsha kwa kunigusa bega.

Na kuna siku nilimkasirikia. Wacha niseme wazi. Kuna asubuhi alimwaga uji kifuani nikamwambia, "Si ungemeza kama watu wengine!" Akajifuta kwa mkono wa kushoto. Nilienda nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Mwezi wa kumi na moja ndipo Muthoki alipoleta TV yake. Muthoki ana chumba cha kuchezea gemu huku nyuma, na hataki flat, anasema wateja wake wakifungwa goli wanarusha pad za kuchezea, na flat inapasuka. TV ya mgongo haijali. Alikuja na mkokoteni, amepaka mdomo wekundu wake kama kawaida, akasimama mlangoni.

"Fundi, niaje? Hii ndiyo ile yangu kubwa. Wachezaji wamekonda vichwa wakanenepa miguu. Wateja wananicheka."

Nikamwambia, "Muthoki, huoni mtu ni mgonjwa?"

"Naona, Mama Winny. Lakini kwani nitampelekea nani mwingine?"

Bwire alikuwa kwenye kiti. Akasema, "Iwashe." Ile sauti sikuwa nimeisikia tangu mwezi wa tatu. Tukaiwasha. Kweli, picha ilikuwa imebana juu na kupanuka chini, kama gauni. Aliiangalia kwa muda wa kumeza mate tu. "Koili," akasema. "Nusu moja ya ile ya kulia-kushoto imeungua waya ndani. Inavuta kidogo kuliko mwenzake. Ninayo nyingine kama hiyo." Na alikuwa nayo, chini ya kitanda changu, mahali panapopaswa kuwa na viatu.

Jioni hiyo kaka yake Austine akapiga simu kutoka Funyula. Austine ni mkubwa wao, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu mzuri. Ninasema ni mtu mzuri ili usije ukamtafutia lawama. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Mulamwa," akaniita, ndivyo anavyoniita mimi mke wa nduguye, "tumekaa kama familia. Huyu mtu anateseka huko, na wewe unateseka. Tunakuja kumchukua."

"Nije nyumbani kufanya nini?" Bwire akasema. "Kuhesabu kuku?"

Nilijua anachoogopa. Baba yao alipigwa na stroke hiyohiyo. Walimweka kwenye kiti mbele ya nyumba kwa miaka miwili, watu wakipita wanamsalimia kwa kupiga kelele kana kwamba ni kiziwi. Siku moja walirudi kutoka shambani wakamkuta amekufa palepale kitini, jua likimpiga usoni. Bwire alinisimulia hayo mara moja tu.

"Kaka, sikiliza," akasema kwenye simu, akilisukuma kila neno. "Nina kazi hapa. TV ya mtu. Njooni Jumamosi ya wiki ijayo. Mkikuta nimeiwasha, picha imenyooka, mniache Nairobi. Mkikuta nimeshindwa, nitapanda gari na sitasema kitu."

Austine akauliza, "Ni neno lako hilo?"

"Ni neno langu."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Nani aliyemtuma kuweka maisha yake juu ya TV ya gemu? Lakini ninawajua hao ndugu. Wakishaulizana hivyo, wameshamaliza.

Alifanya kazi siku nane kwa mkono wa kushoto. Alinifukuza nisimsaidie. "Wewe shika mboga zako," anasema. Aliweka TV juu ya meza, mgongo ukiwa wazi, akaupitisha mkono mmoja humo ndani akitokwa na jasho. Kazi ya kutoa koili ni kazi ya mikono miwili: unalegeza mshipi wa chuma unaoibana shingoni, unabandua vipande vya raba vilivyogandishwa na gundi, kisha unaivuta nyuma taratibu bila kuiegemeza kwenye shingo. Shingo ile ni nyembamba kama kikombe cha chai cha wageni. Ndani hakuna hewa hata kidogo. Ikipata ufa hewa inaingia, na TV imekufa, hakuna fundi wa kuifufua Nairobi hii. Kwa miaka thelathini na mmoja Bwire hakuwahi kuvunja shingo hata moja, na watu wa huku walimletea TV kutoka Pumwani mpaka Mowlem kwa sababu ya sifa hiyo.

Ijumaa mchana koili mbovu ikatoka. Nilimkuta amelala kwenye kiti, mdomo wazi, koili ile ameipakata. Nilimfunika shuka, nikaanza kusafisha nyumba, maana kesho wakwe wanakuja na sitaki kusikia Funyula kwamba Muhonja anaishi kwenye uchafu. Nilipiga deki. Nilipanga vikombe. Nikaiona TV ya Muthoki, vumbi lake la mwaka mzima limeshikana na mafuta ya chips, nikachukua kitambaa na maji ya sabuni. Kioo nilikipangusa, kikang'aa. Nyuma nako nikaona doa jekundu kwenye shingo, na jingine karibu yake, rangi ya mdomo kabisa. Nikasema moyoni, huyu Muthoki na midomo yake, hata ndani ya TV amefika! Nilipangusa. Polepole, kwa sababu najua ni shingo. Nilipangusa mpaka glasi ikawa safi, nikajisifu.

Asubuhi ya Jumamosi nilimwogesha mapema, nikamvalisha shati la kanisani. Akasogezwa mezani. Wakwe walikuwa njiani, walikuwa wamelala Nakuru, wangefika kama saa tano. Bwire akachukua koili nzuri kwa mkono wa kushoto, akaangalia shingo, akaangalia tena.

"Mama Winny, ulipangusa hapa?"

"Ndiyo. Kulikuwa na lipstick ya Muthoki, hebu fikiria!" Na nilikuwa nacheka.

Hakucheka. Aliirudisha koili mezani kwa uangalifu mwingi. "Ni lipstick aliyoacha Winny. Niliipaka mimi," akasema. "Zilikuwa alama zangu. Pale koili ilipokuwa imekaa."

Unajua, Bwire hakuwa mtu wa alama. Mafundi wengine waliweka alama kwa kalamu au kwa rangi kabla ya kulegeza koili, yeye aliwacheka. Yeye alikuwa anairudisha kwa jicho, anasogeza, anageuza, dakika tano amemaliza. Kwa hiyo ningejuaje? Lakini tangu stroke alikuwa haiamini mikono yake, na hakutaka nijue, ndiyo maana akaenda kwenye droo ya Winny kama mwizi.

"Kwa nini hukuniambia!" nikapiga kelele. "Mtu anakaa na mimi nyumba moja, anashindwa kusema neno moja!"

"Ningekuambia nini? Kwamba siwezi?"

Nilikaa kitandani. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na nusu, na mimi ndiye niliyefuta alama za mume wangu kwa sabuni ili wakwe wanisifu usafi.

Ni yeye aliyenyanyuka kwanza, kwa maneno namaanisha. "Njoo huku nyuma," akasema. "Utakuwa mkono wangu. Mimi nitakaa mbele nione picha."

"Mimi? Na umeme?"

"Vaa ndala za raba. Simama juu ya ubao. Shika koili kwa hili bomba la plastiki peke yake. Ile kofia ya raba pale juu usiiguse, itakutupa mpaka kwa jirani."

Roho mkononi, nikavaa ndala. Niliiingiza ile koili nzuri shingoni huku nikiomba kwa Kilogooli, kwa Kiswahili na kwa lugha nisizozijua. Akawasha. Nilisikia TV ikilia ile sauti yake nyembamba, nywele za mkono zikasimama. Kwenye kioo kulikuwa na habari za asubuhi. Sikuziona, nilikuwa nyuma. Niliona uso wa Bwire tu, umemulikwa.

"Msomaji ana shavu la kijani," akasema. "Shavu jingine zambarau. Koili iko nyuma sana, miale inaangukia rangi zisizo zake. Sukuma mbele. Kidogo. Kidogo, nimesema! Rudi."

"Nirudi wapi, umeshasema mbele!"

"Rudi unywele mmoja."

Nikarudi unywele mmoja. Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Halafu picha ikawa imelala upande, yale maandishi ya chini yanapanda mlima. Akaniambia zungusha kulia. Nikazungusha. "Kulia kwangu!" Nikazungusha upande mwingine. "Hapana, kwako!" Tulipayukiana mpaka jasho likaniingia machoni. Mwishowe akasema, "Sahau kulia. Zungusha kuelekea Jogoo Road." Hapo nikaelewa. Jogoo Road ni mlangoni, kanisa ni dirishani. "Jogoo Road kidogo. Kidogo tena. Kanisa. Hapo. Usipumue."

Sikupumua.

"Mama Winny," akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtu aliyenionyesha TV ya shangazi. "Imenyooka. Uso ni uso wa mtu. Mpaka pembeni, rangi safi." Alikuwa analia, machozi yanateremka upande mmoja wa uso, ule unaojua kulia. "Njoo uone. Hapana, usije. Kaza kwanza. Ile skrubu ya mshipi. Kidogo tu. Ikigoma, acha."

Nikachukua bisibisi. Nikakaza nusu mzunguko, skrubu ikagoma, koili ikakaa imara. Hapo ndipo nilipaswa kuacha. Lakini gari lilipiga honi nje, na nikaisikia sauti ya Austine ikisalimia majirani, na moyo ukanipanda. Niliwaza, isije ikateleza sasa. Isije ikateleza wanaingia. Mikono yangu inafunga mafungu ya mboga kutwa nzima, inavuta kamba mpaka ikatike, haijui kidogo. Nikaongeza.

Tk.

Ni sauti ndogo sana. Ikafuata nyingine, ssss, kama tairi la baiskeli. Ndani ya shingo pakawaka mwanga wa zambarau, fuse ikapasuka, na mwanga kwenye uso wa Bwire ukazimika. Nilibaki nimeshika bisibisi. Hakuna aliyehitaji kunieleza kitu.

"Mayo!" nikasema. "Bwire, mayo, nimekuua."

"Nyamaza," akasema. "Leta hiyo bisibisi."

"Bwire..."

"Nipe. Haraka. Kisha ukae pale kitandani."

Nilimpa. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akauburuta mwili wake na kiti mpaka akawa ubavuni mwa meza, akauweka mkono wake wa kulia, ule uliolala, ndani ya mgongo wa TV, akauegemeza pale kwenye shingo. Niliona anachofanya. Sikumzuia. Mlango ukagongwa, "Hodi wenyewe!" na Austine akaingia na ndugu yao mdogo, wamevaa makoti, wamebeba ndizi.

Walitazama. Hawakuhitaji kuuliza, kioo kilikuwa cheusi na nyumba ilinuka kuungua. Lakini Austine aliuliza, kwa upole, kwa sababu neno lilikuwa limewekwa na lazima lifungwe. "Imewaka?"

"Iliwaka," Bwire akasema. "Nimeivunja shingo. Mkono umeniangusha."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Austine alivua kofia. Alikaa karibu naye akamshika goti. Hakuna aliyefurahi, nakuapia. Halafu Bwire akaniangalia.

Mpaka leo sijui jicho lile lilikuwa linasema nini. Labda lilisema, nyamaza, nimekukinga wakwe wasikuseme. Au labda lilisema, Muhonja, wewe ambaye hujawahi kushindwa na neno, sema sasa. Sema ni mkono wako. Sema mimi niliinyoosha picha, sema ulinisikia nikiinyoosha. Ningesema maneno hayo Austine angeyakubali. Ni mtu wa haki. Angesema, basi fundi hajashindwa, na wangekula ndizi zao wakarudi.

Nilifungua mdomo. Na hapo, Mungu anisamehe, nikaona usiku wa leo. Nikaona mkebe. Nikaona kona ya kwenda chooni na mwili wake wote begani mwangu, na kesho, na Krismasi, na mwaka ujao. Nikasema, "Ngoja niwapikie chai."

Nikapika chai. Nilisonga ugali, nikakaanga omena. Walikula. Muda ulikuwepo, usiniambie haukuwepo, walikaa saa mbili nzima. Nilikunja mashati yake. Nilimvalisha soksi, nikiwa nimepiga magoti mbele yake, uso wangu karibu na wake, na wale wawili walikuwa nje wanapanga mizigo garini. Hata hapo ningeweza. Alisema tu, "Mwambie Muthoki pole. Mwambie achukue ile ndogo iliyo kibandani." Nikasema sawa.

Muthoki alikuja wakati wanampakia. Aliangalia TV yake, akaangalia gari, akajifuta macho na kitenge. "Pole, Fundi. Si wewe, ni ugonjwa," akamwambia. Laini nzima ilikuwa imetoka. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, jameni, Bwire kuvunja shingo, kweli amekwisha. Na yeye alisikia. Aliangalia mbele. Alikuwa amemwambia kaka yake hatasema kitu, na hakusema, mpaka gari likaingia Jogoo Road.

Usiku huo nililala tangu saa moja na nusu, sijavua hata leso. Niliamka saa mbili asubuhi, jua limejaa chumbani, mboga sijaenda kuchukua. Sikuota, sikugeuka. Tangu mwezi wa tatu sikuwa nimelala hivyo. Mwili ulikuwa mwepesi, na kwa kitambo kidogo, kabla sijakumbuka, nilikuwa na furaha.

Sasa Bwire ananipigia kila asubuhi kutoka Funyula. Wamemwekea kiti mbele ya nyumba. Hanilaumu, hataji habari ya TV, haulizi ninakwenda kumchukua lini. Anauliza jambo moja tu, kwa ule ulimi wake mzito: "Mama Winny, umelala?"

Namwambia sijalala. Namwambia nimekesha nikimfikiria. Halafu nakata simu, nakaa hapo kitandani, nimelala vizuri.